Nimemaliza masta ya fizikia, nataka PhD ya biofizikia ya kompyuta, nianzie wapi?

Fuwele_Laini

Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo yenu hasa mlioko kwenye biofizikia ya kompyuta au mliowahi kupita huko.

Nimemaliza masta ya fizikia, tasnifu yangu ilihusu elektroni ndani ya fuwele, yani maada mango tupu. Linux naishi nayo, Python naandika vizuri, Fortran naisoma nikilazimika. Baiolojia niliiacha sekondari. Sasa kuna mhadhara niliuangalia wa chaneli za potasiamu kwenye utando wa seli, mhadhiri anaeleza kwamba chaneli moja inaweza kupitisha hadi karibu ioni milioni 100 za potasiamu kwa sekunde moja, afu hapohapo inaikataa sodiamu ambayo ni ndogo kuliko potasiamu. Ndogo! Mi siku zote najua kichujio kinazuia kikubwa kinapitisha kidogo, hapa mambo yamegeuka. Toka hapo sijatulia, nimesoma nikakuta maelezo yenyewe ni fizikia ninayoielewa kabisa: ioni ikiwa kwenye maji inazungukwa na molekyuli za maji, ili iingie kwenye ile njia nyembamba lazima iyaache, potasiamu inakuta oksijeni za protini zimekaa kwa umbali uleule yalipokuwa yamekaa maji kwa hiyo haipotezi kitu, sodiamu kwa udogo wake inapwaya na haipati fidia.

Nimeamua PhD yangu iwe huku. Ila nina maswali yananisumbua. Je nirudi kusoma digrii ya baiolojia kwanza au naweza kuomba moja kwa moja? Nijifunze nini kwanza maana programu ziko nyingi, GROMACS, NAMD, AMBER, OpenMM, kila mtu anasifia yake. Na supavaiza unampataje kama hujuani na mtu yeyote kwenye fani? Laptopu yangu ni ya kawaida tu. Natanguliza shukrani.

---

Mama_Nanosekunde

Karibu mdogo wangu. Umekuja na kitu ambacho wengi wanaoniandikia hawana, yani una fumbo linalokukosesha usingizi, wengi wanakuja wanauliza programu tu.

La digrii nyingine, hapana, usirudi. Fani hii imejengwa na watu waliohama. Michael Levitt alianzia fizikia, akaja kupata Nobel ya kemia 2013 pamoja na Martin Karplus na Arieh Warshel kwa kazi hizihizi za kuiga molekyuli kwenye kompyuta. Venki Ramakrishnan alikuwa ameshamaliza PhD ya fizikia ndo akaamua kurudi kuwa mwanafunzi wa baiolojia, na 2009 akapata Nobel kwa ribosomu, ile mashine ya seli inayotengeneza protini. Na hiyo chaneli yako ya potasiamu, Roderick MacKinnon aliyetoa umbo lake 1998 alikuwa amesomea udaktari wa tiba, akaingia kwenye mambo ya kupiga fuwele mionzi ya eksirei akiwa tayari ni mtafiti mwenye maabara yake, Nobel ikaja 2003. Kwa hiyo we unayehama kabla hata ya kuanza PhD hujachelewa kabisa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote, maana ndo kinachotofautisha mwanafunzi atakayetoka na kitu na yule atakayezunguka miaka minne. Programu sio tatizo. Ukijua moja vizuri nyingine utaihamia ndani ya muda mfupi. Tatizo ni MUDA, yani muda wa kile unachotaka kukiona dhidi ya muda ambao kompyuta inaweza kukufikisha. Simulesheni ya molekyuli inakwenda hatua kwa hatua, kila hatua unahesabu nguvu inayosukuma kila atomu kisha unaisogeza kidogo, na hatua moja kwa kawaida ni femtosekunde 2 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde). Haiwezi kuwa kubwa sana kwa sababu vifungo vinavyoshika atomu za hidrojeni vinatetemeka haraka mno, na hiyo 2 yenyewe unaipata baada ya kuvifunga urefu wake visitetemeke. Piga hesabu: maikrosekunde moja ni hatua milioni 500. Simulesheni ya kwanza ya protini, ile ya McCammon, Gelin na Karplus ya 1977, ilifika pikosekunde 9 na kidogo tu, protini ndogo ya asidi amino 58, bila maji kuizunguka. Mwaka 2010 wale wa D. E. Shaw Research, kampuni ya utafiti wa simulesheni, wakatumia mashine yao ya Anton iliyoundwa kwa kazi hiyo tu wakafika milisekunde 1, na mojawapo ya protini walizotumia ni hiyohiyo ya 1977.

Sasa rudi kwenye chaneli yako. Ioni milioni 100 kwa sekunde maana yake kwa wastani ioni moja kila nanosekunde 10. Umeona? Hicho ni kitu ambacho kompyuta ya leo inakifikia, ioni utaziona zinapita kwa macho yako. Lakini kama ungekuja kuniambia unataka kuona protini kubwa inajikunja kutoka mwanzo hadi mwisho, kitu kinachoweza kuchukua milisekunde hadi sekunde, ningekwambia hapana usiende huko na laptopu. Kwa hiyo kabla hujamwandikia supavaiza yeyote kaa chini na karatasi ujiulize tukio ninalolitaka linachukua muda gani katika hali halisi, na nitaliona mara ngapi, maana kuliona mara moja sio takwimu.

Na hapo ndo mekanika ya takwimu inaingia. We wa maada mango umeisoma, irudie kwa moyo wote. Nishati huru, entropi, mgawanyo wa Boltzmann, ujue kabisa kwamba kwenye joto la kawaida kT, yani nishati ya mtikisiko wa joto, ni kama kilojuli 2.5 kwa moli, ukiiona namba yoyote kwenye pepa uilinganishe na hiyo papo hapo. Mtu anaandika tofauti ya nishati ya kilojuli 1 anaijengea hadithi nzima, wakati hiyo ni chini ya mtikisiko wa joto tu!

---

Kimeng'enya_Mkali

Mama Nanosekunde umeongea vizuri lakini mi natokea upande wa baiokemia na naomba niongeze kitu kwa msisitizo, maana naona vijana wa fizikia wanaambiwa kila siku baiolojia mtaokota njiani. Digrii sawa asirudie. Ila kusoma ASOME, na asome akiwa na faili la protini mbele yake sio kwa kukariri.

Chukua mfano mdogo tu. Unashusha umbo la protini kutoka Protein Data Bank, hazina ipo toka 1971 na sasa ina maumbo zaidi ya laki mbili, unafurahi unaingiza kwenye programu inakubali. Lakini lile faili kama limetokana na eksirei kwa kawaida halina hidrojeni, ni programu inayozibandika. Sasa ifike kwenye histidini, mojawapo ya asidi amino. Histidini inaachia protoni karibu na pH 6, yani jirani kabisa na pH ya ndani ya seli, kwa hiyo inaweza kuwa na chaji au isiwe nayo, na hata isipokuwa na chaji ile hidrojeni inaweza kukaa kwenye naitrojeni hii au ile nyingine. Hali tatu. Programu itachagua moja kwa kanuni yake, wala haitakuuliza. Kama histidini hiyo iko katikati ya kimeng'enya chako pale kazi inapofanyikia na imechaguliwa vibaya, simulesheni yako itaenda vizuri tu, grafu zitatoka zinapendeza, na jibu lote litakuwa si sahihi. Hakuna kompyuta itakayokwambia. Anayekwambia ni ujuzi wa kemia ya protini na pepa za watu wa maabara waliopima kile kimeng'enya kwa pH tofauti.

Bado vipande vinavyokosekana, maana sehemu za protini zinazochezacheza sana mara nyingi hazionekani kwenye eksirei, faili linaruka kutoka asidi amino ya 45 hadi ya 53 kimya kimya. Bado ioni ya zinki iliyokuwepo kwa ajili ya kazi au iliyotokana na chumvi ya kutengenezea fuwele, utajuaje? Unasoma pepa ya waliotoa umbo, sehemu ya mbinu, neno kwa neno.

Kwa hiyo ushauri wangu ukipata nafasi ya PhD tafuta kundi ambalo lina watu wa maabara jirani, uwe unahudhuria mikutano yao hata kama miezi ya mwanzo huelewi nusu ya maneno. Uliza. Watu wa maabara wanapenda sana mtu wa kompyuta anayeuliza namba zao zimepatikanaje.

---

Fuwele_Laini

Aisee asanteni sana, hiyo ya nanosekunde 10 sikuwa nimeiwaza kabisa, nimeirudia hesabu mwenyewe nikaona kweli. Na ya histidini imenitisha lakini kwa uzuri, ndo aina ya vitu nilivyokuwa navitafuta.

Nina wasiwasi mwingine niseme ukweli. Rafiki zangu wananiambia unaingia kwenye fani iliyokwisha, AlphaFold imeshamaliza kila kitu, akili bandia inakupa umbo la protini ndani ya dakika chache, hao wa simulesheni watakosa kazi. Mnaonaje? Na la supavaiza bado halijajibiwa jamani.

---

Boksi_Linalojirudia

Naomba nichukue hayo mawili.

AlphaFold kwanza. Ni kazi kubwa mno na Nobel ya kemia ya 2024 waliistahili, nusu ilienda kwa Demis Hassabis na John Jumper, nusu nyingine kwa David Baker wa kubuni protini mpya. Lakini angalia huyo Jumper alitokea wapi. Alisoma fizikia na hesabu, akafanya kazi miaka kadhaa palepale D. E. Shaw Research kwenye simulesheni za protini, ndo akaenda kufanya PhD ya kemia ya nadharia Chicago, ikafuata DeepMind, kampuni iliyotengeneza AlphaFold. Yani njia yake imepita kwenye hiki kitu rafiki zako wanachosema kimekwisha.

Pili umbo sio mwendo. Kupewa umbo moja la protini ni kama kuonyeshwa picha moja ya mechi ukaambiwa utaje matokeo. Chaneli yako ina hali ya kufunguka na kufunga, dawa inakaa muda gani kabla ya kuchomoka, badiliko la asidi amino moja linasogeza mizani ya nishati upande gani na kwa kiasi gani, hayo yote yanataka thermodainamiki na mwendo, na hapo kazi bado ni nyingi kweli kweli. Hata hiyo habari ya potasiamu uliyoieleza, watu bado wanabishana vikali kama ioni zinapita zikiwa zimetenganishwa na molekyuli za maji au zinasukumana zenyewe kwa zenyewe bila maji katikati, na simulesheni ziko katikati ya huo ubishi. Jifunze na akili bandia pia, sio uchague moja, kwa mtu anayejua Python sio mzigo.

Sasa supavaiza. Usitume barua pepe moja kwa watu hamsini, wanaijua ndani ya mstari wa kwanza. Chagua wachache, soma pepa mbili tatu za kila mmoja hadi uweze kuuliza swali ambalo jibu lake halimo ndani ya pepa. Mfano unaandika: "Nimesoma kazi yenu ya chaneli, mmetumia umeme wa milivolti 300 wakati seli yenyewe iko chini ya 100, je mpangilio wa ioni unabaki uleule mkishusha?" Sentensi kama hiyo inakufungulia mlango kuliko kurasa tatu za kusifia, na ni swali halali kabisa maana watu wengi wanapandisha umeme ili waone ioni nyingi kwa muda mfupi. Afu aya moja ya unachoweza, aya moja ya unachotaka, basi.

Akikujibu usikimbilie kukubali. Omba kuongea na wanafunzi wake wawili bila yeye kuwepo na uwaulize vitu vya kawaida, mnakutana naye mara ngapi, nani anachagua swali la utafiti, muda wa kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) mnapangiwaje, waliomaliza wako wapi sasa. Kuna kundi nilikaa mwanzoni, silitaji, kila mwanafunzi mpya anapewa protini na kuambiwa endesha maikrosekunde kadhaa afu tutaangalia tumepata nini. Hakuna swali. Watu walijaza diski kwa trajektori, yani mafaili ya mwendo wa atomu, na hawakuwa na la kuandika, wawili waliacha na walikuwa na akili sana, mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo ukiuliza "swali la mradi huu ni lipi" na supavaiza hawezi kukujibu kwa sentensi mbili, mshukuru, endelea kutafuta.

---

Seva_Imejaa

Mi fupi tu kuhusu laptopu. Mfumo mdogo, mfano protini ya laisozaimu ya yai la kuku kwenye boksi la maji, ni makumi ya elfu ya atomu, laptopu itaendesha kwa kujifunzia bila shida ila taratibu. Ukipata kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki unaweza kufika nanosekunde mamia kwa siku kwa mfumo wa ukubwa huo. GROMACS na OpenMM ni bure na kodi (code) ya programu iko wazi. Ukiona inakwama sana kuna fosfildi (force field, yani kanuni za kuhesabu nguvu kati ya chembe) ya Martini ambayo inaunganisha kama atomu nne nzito kuwa chembe moja, inakwenda haraka mno kwa mambo ya utando, ila unapoteza undani na kwa swali la ioni kuacha maji yake haitakufaa.

Na usianze na chaneli kwa kuwa ndo unaipenda. Utando, lipidi, ioni, umeme, vyote kwa mpigo, kikiharibika hujui kilichoharibika ni kipi.

---

Fuwele_Laini

Sawa mkuu, nimewasikia. Sasa nianze na nini halisi, maana nina miezi kadhaa kabla maombi hayajafungwa na nataka niwe na kitu mkononi. Jana nimejaribu mafunzo ya laisozaimu, imeonyesha chaji ya +8 nikaweka ioni 8 za kloridi, nikapunguza nishati, nikaipasha joto, nikaachia iende. Inaenda! Lakini nilipochora grafu ya protini imesogea kiasi gani kutoka umbo la mwanzo, ilikuwa chini chini halafu ghafla ikaruka nanomita kadhaa, ikarudi, ikaruka tena. Nilipoifungua kuangalia nikaona nusu ya protini iko upande mmoja wa boksi na nusu upande wa pili. Imekatika?

---

Boksi_Linalojirudia

Haijakatika, tulia. Boksi linajirudia pande zote, yani kinachotoka kulia kinaingia kushoto, ndo namna ya kuifanya protini ione maji kila upande bila ukuta. Protini imeelea hadi ukingoni, programu inaandika kila atomu ndani ya boksi, kwa hiyo nusu inaonekana upande wa pili. Kifizikia hakuna kilichotokea. Kwenye GROMACS tumia amri ya trjconv, iambie iunganishe molekyuli nzima kwanza halafu iweke protini katikati, ndo uchore grafu upya. Mruko ukiwa wa ghafla na unalingana na upana wa boksi, shuku hilo kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Na hongera kwa kufungua trajektori ukaiangalia kwa macho, wengine wanachora grafu tu na kuandika kwamba protini imebadilika umbo!

---

Mama_Nanosekunde

Umeanza vizuri sana mdogo wangu. Kuhusu cha kuwa nacho mkononi mi nakwambia hivi, na najua wengine hapa watapinga: weka laisozaimu pembeni kwa wiki chache uandike simulesheni yako mwenyewe kutoka sifuri. Sio protini. Argoni.

Mwaka 1964 Aneesur Rahman aliiga atomu 864 za argoni ya kimiminika, joto kelvini 94.4, na akapata mgawo wa msambao (yani atomu zinasambaa haraka kiasi gani) 2.43 × 10⁻⁵ sentimita mraba kwa sekunde, karibu sana na wa maabara, na kilele cha kwanza cha mpangilio wa atomu, yani umbali ambao majirani wa karibu wamejaa zaidi, kiko kwenye angstromu 3.7. Kazi iliyohitaji kompyuta kubwa enzi zile laptopu yako inaimaliza. Andika kwa Python halafu sehemu ya kuhesabu nguvu ukiona inachelewa iandike kwa Fortran hiyo unayoisoma ukilazimika. Nguvu ya Lennard-Jones (ya kuvutana na kusukumana kwa atomu), boksi linalojirudia, algorithimu ya Verlet (ya kusogeza atomu hatua kwa hatua), kurasa chache tu za kodi. Afu jipime. Nishati yote inabaki palepale au inapanda? Kama inapanda, punguza urefu wa hatua uone. Kilele kiko 3.7? Mgawo wa msambao umekaribia? Ukiendesha mara tano kwa mwendo wa kuanzia tofauti, majibu yanatofautiana kiasi gani? Hapo ndo utajua shaka ya namba yako ni kiasi gani na hakuna programu itakayokufundisha hilo kwa kubonyeza.

Ukimaliza rudi kwenye maji. Chukua boksi la maji ya TIP3P (modeli ya maji inayotumika sana) tupu bila protini, pima msambao wake, utakuta yanatembea zaidi ya mara mbili ya maji halisi ambayo ni kama 2.3 × 10⁻⁵ kwa nyuzi 25. Usishtuke, ndivyo modeli hiyo ilivyo na bado inatumika kila siku. Lakini kuanzia hapo kila ukisoma pepa inayosema protini ilifunguka baada ya nanosekunde fulani utauliza kwanza walitumia maji gani.

---

Kimeng'enya_Mkali

Hapa sipingi. Ila argoni isizidi mwezi, akae muda zaidi kwenye protini, aandae faili moja kwa mkono na kuandika sababu ya kila histidini.

---

Fuwele_Laini

Nimeelewa, naanza na argoni leo leo. Swali la mwisho, hii kodi ya argoni ina maana yoyote kwenye maombi au ni ya kujifunzia tu? Naogopa wataona ni kazi ya 1964.

---

Mama_Nanosekunde

Ina maana sana. Iweke wazi mtandaoni, na grafu tatu: nishati dhidi ya muda, mpangilio wa atomu ukilinganisha na wa Rahman, na msambao ukiwa na kiwango cha shaka. Kwenye barua pepe weka kiungo na sentensi moja tu. Mi nikipokea maombi naangalia kitu hicho kabla ya alama za darasani, nafungua kodi naangalia kama mtu amepima mwenyewe kosa la namba yake, nikilikuta hilo namwita kwa mazungumzo. Ukikwama kwenye Verlet rudi hapahapa uweke kodi tuione.